Kwanga ya Nyuzi

Tangu Jumamosi ile wengi wametusimamisha njiani, uwanjani, hata mlangoni mwa kanisa, kutuuliza: "Ninyi ba darasa la mwisho, mulipika kitu gani siku ile?" Wengine wanacheka kabla hatujajibu. Mhariri wa karatasi hii ametuomba tuandike habari yote tangu mwanzo, wala tusifiche lile la Ijumaa usiku. Tumekubali. Ila jina la mwenzetu ambaye jambo lote lilifanyika kwa ajili yake hatutalitaja. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa kwa sharti hilo, na amesoma ukurasa huu mbele yenu.

Kwanza neno lenyewe. Hapa Kisangani tunasema spageti, makaroni, vermiseli, kufuata yaliyoandikwa juu ya pakiti. Ndugu zetu wa pwani, kule Mombasa na Unguja, wana neno moja la tangu zamani: tambi. Sisi tutaandika tambi, kwa sababu kile tulichopika hakikufanana na pakiti yoyote.

Mwenzetu huyo anakaa ng'ambo, upande wa Lubunga. Kila asubuhi anavuka mto kwa mtumbwi ili afike masomo, na siku za mvua tunamwona anaingia darasani na viatu mkononi. Mama yake anauza kwanga. Baba hayuko. Feza za mtihani wa Serikali, ule tunaouita Egzetati, alikuwa amezilipa kidogo kidogo tangu mwanzo wa mwaka, lakini zilibaki franka 45.000, na mwisho wa kulipa ulikuwa Jumatatu. Asiyelipa, jina lake halitumwi. Yeye hakutuambia. Tulijua siku ya Jumatano, orodha ilipobandikwa ukutani, na jina lake likawa na alama ya msalaba kwa wino mwekundu.

Darasa letu lilikuwa na sanduku. Ndani yake franka 22.000, tulizochanga tangu mwezi wa kumi kwa ajili ya karamu ya kuagana. Tulikutana Jumatano hiyo hiyo chini ya mwembe. Dada mmoja alisimama akasema: tumpe zote, halafu zile zingine tuzitafute nyumba kwa nyumba. Lilikuwa wazo zuri, tena fupi. Tulilikataa kwa sababu ya akili nyingi. Wakubwa wa hesabu kati yetu walisema kwamba feza ikitolewa imekwisha, lakini feza ikipikwa inazaa. Tupike chakula, tuuze hapa shuleni Jumamosi, siku ya michezo, watu wanapokuwa wengi. Sahani moja franka 1.000. Wakiuzwa watu sitini, deni linalipwa na karamu inabaki.

Wapike nini? Mikate ya mafuta kila mtu anauza. Lituma kila mama anaijua kutushinda. Ndipo mtu akasema: spageti. Wote wakapiga makofi, maana mnajua wenyewe, kwetu spageti ni chakula cha sikukuu, cha mgeni, cha mgonjwa anayeanza kupona. Lakini tulipofika sokoni tukaanza kuhesabu. Pakiti za kutosha watu sitini zilipita feza zote za sanduku, na bado mafuta, nyanya na makala. Vitu hivi vinakuja kwetu kwa mto kutoka Kinshasa, kilometa zaidi ya 1.700, au kwa barabara ya mashariki kupitia Nia-Nia, na kila mahali panapopakuliwa mzigo bei inapanda kidogo.

Hapo ndipo lilipoingia lile jambo la simu. Mmoja wetu alikuwa na filamu fupi ndani ya simu yake: bwana mmoja wa mji wa Lanzhou, China, anashika bumba la unga uliokandwa, analivuta mikono miwili mpaka linakuwa refu kama kamba, analikunja, analivuta tena. Uzi mmoja unakuwa miwili, miwili inakuwa minne, minne minane. Akikunja mara nane ana nyuzi 256, hesabu hiyo tuliifanya ubaoni. Hana mashini. Ana meza, maji na unga. Sisi tukasema: maji tunayo, meza tunayo. Tununue unga wa ngano kilo nne tu, tuuchanganye nusu kwa nusu na unga wa muhogo ambao wanafunzi wa bweni wameletewa na wazazi, tupate kilo nane. Tuliona tumewashinda Wachina kwa werevu.

Unga wa ngano ulitugharimu 12.000. Mafuta ya mawese, nyanya, chumvi na makala, 7.000. Samaki wa kukauka tulipewa na mwenzetu ambaye baba yake ni Mgenia, mvuvi wa kule kwenye maporomoko. Sandukuni zikabaki 3.000.

Ijumaa jioni, baada ya sala ya usiku, tulipewa ufunguo wa jiko la bweni. Tulikanda. Wavulana wenye nguvu walikanda mpaka jasho likadondoka. Bumba lilionekana zuri, jeupe, laini. Kisha yule mwenye filamu akalishika, akavuta. Likakatika. Akachukua lingine, akavuta polepole. Likakatika mara tatu na kuanguka juu ya meza kama udongo wa tofali. Tukasema labda maji ni machache, tukaongeza. Sasa halikukatika, lilimwagika. Tukasema labda maji ni mengi, tukaongeza unga wa muhogo, kile kilo cha tano. Dada mmoja akapata akili ya kulitandaza kwa chupa na kulikata kwa kisu, na kweli tulipata vipande virefu vya kutosha sufuria mbili kubwa. Tuliviangalia kwa furaha. Tulivitia katika maji ya moto, tukafunika, tukaimba wimbo mmoja. Tulipofunua, hapakuwa na tambi. Palikuwa na uji.

Hatukucheka. Mwenzetu wa ng'ambo alikuwa pale, amelala bweni usiku ule ili atusaidie. Alichukua kikombe, akachota uji, akanywa kimya, akasema: "Iko muzuri, bana. Tutie sukari." Tulinywa wote. Feza 12.000 zilikuwa ndani ya sufuria zile, na kila mtu alikuwa anafikiri maneno ya yule dada wa Jumatano, lakini yeye mwenyewe hakuyarudia. Tunamshukuru kwa hilo.

Mwalimu wetu wa kemia aliona taa ya jiko inawaka kupita saa, akaja kutukaripia. Alipoona sufuria aliuliza, na alipojibiwa akaketi juu ya ndoo. Yeye ni mtu wa kuketi mahali popote akipata jambo la kueleza. Alituomba kipande cha unga wa ngano mtupu uliobaki mfukoni, ngumi moja hivi, akaukanda kwa maji, akauacha kidogo, kisha akauosha ndani ya beseni, akiusukuma kwa vidole. Maji yakawa meupe kama maziwa. Mkononi mwake kikabaki kitu cha rangi ya kijivu, kama mpira, kinachovutika na kurudi. "Hiki ndicho gluteni," alisema. "Ndani ya ngano mna protini mbili, gluteni na gliadini, hapana, nimekosa: gluteni ni mtoto wao. Moja inaitwa glutenini, nyingine gliadini. Zikilowa na kukandwa zinashikana na kufanya wavu. Moja inaleta nguvu, nyingine inaleta kuvutika. Yule bwana wa Lanzhou havuti unga, anavuta wavu huu. Sasa ninyi mmechukua wavu, mkaujaza muhogo zaidi ya nusu. Muhogo hauna gluteni hata chembe. Mmeutoboa wavu wenyewe."

Mwalimu alitueleza mengine mengi usiku ule, na siku zilizofuata tuliyatafuta katika vitabu na katika simu ili tusiwadanganye ninyi. Huko Lanzhou, kwa mfano, wapishi wa zamani walitia katika unga wao maji ya majivu ya mmea mmoja wa nyika. Majivu hayo yanakaza wavu na kuupa unga rangi ya manjano kidogo. Tulipolisoma hili tulishangaa, kwa sababu bibi zetu vijijini nao walichoma mimea, wakachuja majivu, wakapata chumvi ya kutia katika mboga. Jambo moja, mikono miwili mbali mbali.

Waitalia nao, ambao jina la spageti ni lao, hawavuti. Wanatumia ngano ngumu, ile inayosagwa kama mchanga, na tangu mwaka 1967 sheria yao inadai kwamba tambi kavu zitengenezwe kwa ngano hiyo. Wanasukuma unga kupitia matundu, halafu wanaukausha polepole. Watu wengi husema Marco Polo aliwaletea tambi kutoka China, aliporudi mwaka 1295. Si kweli. Mwaka 1154, miaka mia na zaidi mbele yake, Mwarabu Al-Idrisi aliandika kwamba mahali panapoitwa Trabia, karibu na Palermo katika kisiwa cha Sicilia, watu walitengeneza tambi nyingi na kuzipakia katika merikebu kupeleka kwa Waislamu na kwa Wakristo. Tambi kavu ni chakula cha safari: hazina maji, haziozi, hazivunji mgongo wa mpagazi. Na kwa njia za biashara kama hizo tambi zilijulikana katika nchi nyingi. Pwani ya Uswahilini wanazikaanga katika samli, wanazipika na sukari, iliki na tui la nazi, wanazila jioni za Ramadhani wakifungua saumu, na siku ya Idi. Tambi tamu! Wengi katika darasa letu walikataa kuamini, mpaka dada mmoja ambaye jirani zao ni Waislamu akasema amezionja, na zabibu juu yake. Wasomali, walioishi miaka mingi chini ya Waitalia, wanakula tambi na ndizi mbivu pembeni, wanauma ndizi, wanakula tambi. Hao tungepatana nao haraka, sisi watu wa ndizi.

Japani wanaruhusiwa kuzinywa kwa kelele, tena ni adabu njema. Tafadhali msijaribu mezani kwa Bwana Prefe. Mjapani mmoja, Momofuku Ando, ndiye aliyebuni mwaka 1958 zile tambi za kutia maji ya moto tu na kungojea. Siri yake ni kuzikaanga: maji yanatoka ndani ya uzi kwa haraka na kuacha vitundu vidogo sana, na maji ya moto yakija baadaye yanaingia kwa vitundu hivyo. Leo viwanda vingi vya Asia vinazikaanga katika mafuta ya mawese, na mchikichi, wasomaji wapenzi, ni mti wa kwetu Afrika. Umetoka huku ukaenda kule, nasi tunanunua pakiti iliyorudi.

Lakini kitu kilichotugusa zaidi ni kile cha Lajia. Huko China, karibu na Mto wa Manjano, wachimbaji walikuta bakuli la udongo limefunikwa kifudifudi chini ya matope ya gharika, na ndani yake tambi za miaka 4.000 hivi, nyembamba, nyingine ndefu kupita sentimita 50. Habari ilitangazwa mwaka 2005. Walipochunguza wakasema si ngano, ni ulezi wa namna mbili. Wataalamu wengine wakabisha: ulezi hauna gluteni, utavutikaje? Ni ubishi ule ule wa jiko letu. Nasi tungalikuwa tunajua wakati ule tungalisema: muulizeni mama mmoja wa Lubunga.

Maana mama ndiye tunayemjia sasa.

Jumamosi alfajiri, bado giza, alifika mlangoni mwa jiko na beseni ya kwanga kichwani, akienda soko. Mwanawe hakulala nyumbani, alikuja kuona kama yuko salama. Tuliamka kwa aibu. Tulisimama wote, tukamwamkia: "Mama, jambo. Mama, shikamoo," kila mtu na salamu yake. Alitua beseni, akaangalia meza, akaangalia sufuria, akachovya kidole katika uji uliolala.

"Bana bangu, mulikuwa munatafuta nini?"

Tulimwambia tambi. Hatukumwambia ni kwa ajili ya nini. Alikuwa hajui, na mwanawe alitukazia macho tunyamaze.

"Na muhogo?"

"Ndiyo, mama."

Akashika unga wa muhogo uliobaki gunia chini, kilo tano hivi, akausugua katikati ya vidole. Akacheka kidogo, si kwa kutudharau. "Huu unga iko mubichi yote. Mubichi na mubichi, itashikana na nini? Kwanga yangu iko na ngano? Inakatikaka?"

Hatukuwa na jibu. Wote tumekula kwanga tangu meno ya kwanza. Hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini haikatiki.

Alitueleza huku anafunga kitambaa chake kiunoni. Muhogo unalowekwa siku kadhaa mpaka unalainika na ukali wake unatoka. Unatolewa nyuzi, unasagwa. Halafu, na hapa alinyosha kidole, unapikwa nusu. Unatolewa motoni, unakandwa ungali moto, mpaka mikono inalia. Ndipo unafungwa katika majani na kupikwa mara ya pili. Anayeruka moto wa kwanza anapata kwanga inayopasuka. "Kitu chenye kimeiva njo kinashika kile kibichi," alisema.

Kisha alifanya jambo ambalo hatukulitegemea. Alifungua beseni, akatoa kwanga zake sita, za kuuza, akazifungua majani moja moja. Tulisema hapana, mama. Alisema nyamazeni, leteni kinu. Alizikata vipande, akazitia katika maji ya moto, akazitwanga mpaka zikawa kama gundi. Gundi hiyo akaichanganya na unga wetu mkavu, na maji ya moto kidogo kidogo, na wavulana wale wale wa Ijumaa wakakanda, safari hii kwa amri: geuza, kunja, sukuma, usipige. Bumba likawa gumu, linang'aa. Alilivuta kidogo. Halikuvutika kama la Lanzhou, lakini halikukatika.

Kulivuta hatukujaribu tena. Mmoja wetu alikumbuka matundu ya Waitalia ambayo mwalimu alitaja usiku. Tulichukua kopo kubwa la maziwa ya unga, tukalitoboa chini kwa msumari, matundu arobaini na kitu. Tulitia bumba ndani, na juu yake tukasukuma kwa mchi wa kinu uliokatwa, wawili wakishika kopo kwa matambara, mmoja akisukuma kwa kifua chake chote. Chini ya kopo sufuria ilikuwa inachemka. Kwa dakika nzima hapakutoka kitu. Halafu nyuzi zikaanza kushuka, nene kama kalamu ya risasi, za rangi ya majivu, zikaingia ndani ya maji, zikazama, zikaelea. Mama akaangalia kimya. Alichukua mwiko, akazitoa, akazitia katika maji baridi, akazitoa tena, akainua uzi mmoja mbele ya taa. Ulining'inia.

Kelele tulizopiga ziliamsha bweni lote, na kwa hizo tunaomba msamaha kwa mlinzi.

Baadaye mwalimu wa kemia alitueleza kwamba hii ni njia ya kale ya nusu ya Asia. Pasipo na ngano, watu hawana wavu, basi wanatumia gundi. Wanga ukipikwa unavimba na kunata. Wanapika sehemu kidogo, wanaichanganya na ile mbichi, wanasukuma kupitia matundu moja kwa moja katika maji ya moto, kisha maji ya baridi ili wanga ukaze. Hivyo wanafanya China kwa wanga wa choroko. Tambi za mchele huko Vietnam zinafuata njia ya jamaa moja, na Korea wana tambi za wanga wa viazi vitamu, zinazopenyeka mwanga kama kioo. Muhogo wenyewe ulitoka Brazili, Wareno wakauleta upande wetu katika karne ya 16, na mama zetu wa Kongo wakatafuta wenyewe namna ya kuushikamanisha. Mama wa mwenzetu hakuwa amesikia habari ya Korea. Alikuwa amesikia habari ya kwanga inayopasuka.

Biashara haikuwa rahisi. Saa nne watu walikuja, wakaangalia, wakarudi nyuma. Rangi haikutusaidia. Mwanafunzi mmoja wa darasa la tatu, hatumtaji, alisimama katikati ya uwanja akapaza sauti: "Bameleta kwanga ya nyuzi!" Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Lakini jina lilipotoka, kumbe lilitusaidia kuliko matangazo yetu ya karatasi, maana kila mtu akataka kuiona kwanga ya nyuzi. Mchuzi wa samaki wa moshi katika mawese, na pilipili, ulifanya kazi iliyobaki. Tambi zetu hazikuwa laini, zilitaka meno. Mwalimu wa Kifaransa alisema zinafanana na mpira wa baiskeli ya toleka, akaomba ya pili. Walimu walikula kwa uma, wageni kutoka Mangobo kwa mkono, na wadogo wa darasa la kwanza walizinyonya moja moja kwa kelele, kama Wajapani, bila kufundishwa.

Saa nane sufuria zilikuwa tupu. Tulifunga mlango, tukahesabu juu ya meza. Sahani arobaini na moja, franka 41.000. Tukatia zile 3.000 za sanduku. Elfu arobaini na nne. Tulihesabu tena. Arobaini na nne. Dada aliyekuwa anaandika akasema: sahani zilizotoka ni arobaini na mbili, nimeweka alama kwa kila moja. Moja haikulipwa. Tulianza kutazamana vibaya, tunakiri. Kila mmoja alikuwa anamfikiri mwenzake mwenye tumbo kubwa.

Mwenzetu wa ng'ambo akasema: "Ile ni yangu. Mulinipa ya kwanza, nionje." Akatia mkono mfukoni, akatoa noti moja ya franka 1.000, imekunjwa mara nne, akaiweka juu ya zingine. Tulijua noti ile. Ilikuwa ya mtumbwi, yake na ya mama yake, ya kurudi Lubunga.

Tukasema haiwezekani, chukua. Akasema mimi nilikula au sikula? Tukasema sisi ndio tuliokupa. Akasema basi andikeni kwamba mmoja alikula bure, na muandike jina. Hatukuwa na la kusema. Na hapo mama, aliyekuwa anaosha kinu nje na kusikia yote kupitia dirishani, aliingia na mikono imelowa, akauliza hizi feza ni za nini. Ikabidi mwanawe amweleze mbele yetu. Hatutaandika alivyosema mama. Alisema kidogo tu, kwa kilugha chao, na si kwetu.

Mweka hazina wa shule alipokea feza zote Jumatatu saa mbili, 45.000 kamili, nyingi zikiwa na harufu ya samaki. Alama ya wino mwekundu ilifutwa kwa wembe. Karamu ya kuagana hatutakuwa nayo. Sanduku liko tupu kabisa, na mwenye kulitaka aje alichukue, ni la mbao nzuri.

Lakini mlituuliza pia walivukaje. Jumamosi hiyo jioni tuliwasindikiza sote mpaka kivukoni, kundi zima, tukidhani tutaomba huruma ya mpiga-kasia kwa maneno mengi. Mmoja wetu alikuwa tayari na hotuba. Haikutumika. Mama alikuwa ameficha chini ya majani ya kwanga, ndani ya beseni, bakuli moja la tambi na mchuzi. Alimpa mpiga-kasia. Yule mzee alifunua, akaangalia nyuzi zile za rangi ya majivu, akamwangalia mama, akauliza ni mdudu gani. Akaonja. Akala zote amesimama, mtumbwi unamgonga magoti. Halafu akapangusa kinywa, akasema: "Ingieni."

Juma lililopita mwenzetu alituambia kwamba mama yake sasa anasukuma tambi nyumbani, na anauza pamoja na kwanga. Kopo ni lile letu. Tumemwomba alirudishe, maana ni mali ya jiko la bweni. Amejibu kwamba mama anasema matundu ni makubwa mno, anatafuta kwanza msumari mwembamba.